Ung'oe kahawa upande parachichi? Pima kwanza alfajiri ya kihamba chako

Shemeji yangu yuko Dar es Salaam, kihamba chake, yaani shamba la ukoo, kiko Uru, Kilimanjaro: ekari moja na robo aliyoachiwa na baba yake, mkwe wangu, kahawa na migomba, nyumba katikati. Mwezi uliopita alinipigia akiwa ameshaamua. Mtu wa msumeno amepatikana, kahawa yote inakatwa, inapandwa parachichi aina ya Hass. Alichotaka kwangu ni kitu kimoja tu, bei ya miche. Nikamwuliza, "Shemeji, pale nyumbani alfajiri ya Februari kunakuwa na nyuzi joto ngapi?" Akanyamaza kidogo. "Sasa shemeji, alfajiri na parachichi wapi na wapi?"

Zinahusiana sana, na kwa kahawa ndiyo kabisa. Nimeandika haya kwa ajili yake na kwa wengine wanaouliza swali hilo hilo kuanzia Machame mpaka Rombo, na wenzetu wa Meru kule Poli na Akheri, ambao mlima wao ni mwingine ila shida ni ile ile. Bei nitaigusa kidogo tu, kwa sababu bei ya msimu huu haisemi chochote kuhusu mti utakaokaa shambani miaka thelathini. Nalinganisha miti yenyewe: huu unafanya nini joto likipanda, ule unafanya nini, na kihamba chako kinampa nani nafasi.

Uko mita ngapi?

Kwenye mlima kama wetu joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 0.6 kila ukipanda mita 100. Ndiyo maana mtu anatoka Moshi mjini, mita 800 na kitu, akiwa na shati tupu, na akifika Kibosho ya juu anatafuta sweta. Kahawa yetu, arabika, hustawi pale wastani wa joto la mwaka ulipo kati ya nyuzi 18 na 22 hivi. Kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, hapo ndipo ukanda wetu wa vihamba ulipo, tuseme kuanzia mita 1,100 hadi 1,800.

Sasa geuza hesabu. Joto likipanda nyuzi 1, ni kana kwamba shamba lako limeteremshwa karibu mita 170 usiku mmoja, nyumba na migomba na makaburi ya wazee. Kihamba cha mita 1,300 kinaanza kuishi hali ya hewa iliyokuwa ya mita 1,130. Mti hauwezi kuhama, na hata tungeuhamisha sisi, juu ya vihamba kuna msitu, na msitu huo tangu 2005 umo ndani ya hifadhi ya taifa. Kahawa ya chini inasukumwa kwenda juu na huko juu hakuna pa kwenda.

Kwa hiyo kabla ya kumwita mtu wa msumeno, fungua simu uone uko mita ngapi kutoka usawa wa bahari. Kipimo cha simu kinaweza kukosea mita kumi au ishirini, hizo hazitakuumiza. Halafu kanunue kipimajoto kile cha kuhifadhi joto la juu na la chini la siku. Ni bei ya miche michache ya parachichi, na kinaweza kukuokolea miche mia.

Mbuni unachoka usiku

Arabika asili yake ni misitu ya nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Ethiopia, chini ya miti mikubwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoipanda Kilema mwaka 1898 waliipeleka mahali panapofanana na kwao: ubaridi wa wastani, ukungu, kivuli. Tabia yake haijabadilika tangu hapo.

Mchana jani la mbuni, yaani mti wa kahawa, linafanya kazi vizuri mpaka nyuzi 24 au 25 hivi. Likivuka hapo, na hewa ikiwa kavu, vile vinywa vidogo vya upande wa chini wa jani vinavyoitwa stomata vinaanza kujifunga ili maji yasipotee. Vikijifunga, hewa ya ukaa haiingii, na usanisinuru unashuka. Mtu wa kahawa analiona hili bila kipimo chochote: saa nane mchana mbuni ulio juani umelegeza majani kama masikio ya mbuzi, wa chini ya mti wa mfuruanje umeyanyoosha.

Usiku ndio unaosahaulika. Gizani mmea hautengenezi sukari, unaitumia tu. Unapumua kama sisi, na usiku ukiwa wa joto unapumua kwa kasi, hivyo sukari iliyotengenezwa mchana kwa ajili ya kujaza buni inateketea bila faida. Mwaka 2015 watafiti waliochambua rekodi za mavuno na hali ya hewa za Tanzania kwa miongo kadhaa walitoa matokeo yaliyonishtua mimi niliyekuwa nalaumu mvua kila mwaka: kilichofungamana zaidi na kushuka kwa arabika yetu ni joto la chini la siku, yaani lile la alfajiri. Kila nyuzi 1 iliyoongezeka hapo iliambatana na upungufu wa kilo 137 hivi kwa hekta. Ukileta kwenye ekari ni kama kilo 55. Wakulima wadogo wengi nchini hawafikishi hata kilo 500 kwa hekta, kwa hiyo pigia mwenyewe.

Meku (mzee) mmoja jirani yetu alishalisema hili bila utafiti. "Zamani Julai unachuma kahawa na koti mpaka saa nne. Siku hizi saa mbili umeshalivua." Tulicheka, lakini koti lake ni kipimajoto cha miaka hamsini.

Hapa kuna jambo linalowakwaza wanaoamini kivuli kinatibu kila kitu. Kivuli kinapunguza joto la mchana sana, hilo halina ubishi. Ila usiku matawi yale yale ni blanketi: yanazuia joto la ardhi lisipae kwenda angani. Nilining'iniza vipimajoto viwili vya aina moja, vyote vimekingwa jua kwa kopo lililopakwa rangi nyeupe, kimoja kwenye kahawa chini ya mringaringa na kingine kwenye nguzo ya kamba ya nguo uani. Saa nane mchana cha chini ya mringaringa kilikuwa nyuma kwa nyuzi 4. Saa kumi na mbili asubuhi kilikuwa mbele kwa nyuzi 1. Usikate mringaringa wako, faida yake bado ni kubwa kuliko hasara. Usitegemee tu kwamba utakurudishia usiku wa enzi za babu.

Kisha kuna maua. Vitumba vya kahawa hulala kiangazi chote, na kiu hiyo ndiyo inayoviandaa. Mvua nzuri ya kwanza ikishuka vinaamka, na baada ya siku nane hadi kumi na mbili kihamba chote ni cheupe na kinanukia kama yasmini. Mpango huo unataka kiangazi cha kweli na mvua ya kweli. Siku hizi Januari inaleta manyunyu ya kudanganya, vitumba vingine vinaamka, vingine vinabaki. Mwezi unapita, mvua nyingine, kundi lingine. Mwezi wa tisa unakuta tawi moja lina buni mbivu, buni ngumu ya kijani na buni changa kama kichwa cha kiberiti. Mchumaji aliyekuwa anarudi kwenye mti mara tatu sasa anarudi mara sita, na kila kurudi anakula chai yako na anadai hela yake. Joto likizidi wakati vitumba vinafunguka unapata kitu kingine: viua vidogo vigumu vya kijani, vyenye umbo la nyota. Ukiviona vingi usingoje buni hapo.

Kwa wadudu na magonjwa kahawa imebanwa pande zote mbili. Chini, kwenye joto, kuna kutu ya majani, bungua weupe kwenye shina, na ruhuka ndani ya buni. Ruhuka ni kiumbe wa kuhesabu nyuzi: chini ya nyuzi 15 hivi hakui, kwa hiyo ubaridi wa usiku ulikuwa ukuta wetu dhidi yake. Juu, kwenye ubaridi na unyevu, ugonjwa wa chule buni ndio mwenyeji. Mibuni ya zamani, N39 na KP423, ina kahawa tamu lakini haina kinga ya kutosha ya chule buni wala kutu. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, wametoa chotara zenye kinga ya hayo mawili, na kwa maoni yangu mtu mwenye N39 iliyochoka anayelalamika kwamba kahawa hailipi anajilinganisha vibaya. Analinganisha mbuni wa miaka sitini na mparachichi mchanga. Linganisha mchanga na mchanga. Ila chotara hizo zilichaguliwa kwanza kwa ajili ya magonjwa, si kwa ajili ya usiku wa joto, kwa hiyo zinakuondolea gharama ya dawa bila kukuondolea hesabu ya alfajiri.

Hass: mti mmoja ulioenea dunia nzima

Watu wanazungumzia Hass kana kwamba ni zao jipya la kisasa. Ni mti mmoja. Rudolph Hass, tarishi wa posta wa California, aliuotesha kwa mbegu, akaupatia hataza mwaka 1935, na tangu hapo kila Hass unayoiona, iwe Peru, Kenya au Siha, ni kikonyo kilichobebeshwa kutoka kwenye ukoo wa mti ule ule. Mti mama ulikufa mwaka 2002 kwa ugonjwa wa kuoza mizizi. Ukishajua mama alikufa kwa nini, unajua watoto uwachunge na nini.

Mizizi ya mparachichi ndiyo udhaifu wake mkubwa. Mizizi ya kulisha imelala juu juu, mingi ndani ya sentimita 30 za kwanza, na karibu haina vile vinyweleo vinavyosaidia mimea mingine kunyonya maji. Fukua matandazo kwa kidole chini ya mti wenye afya utaikuta hapo hapo, myeupe-krimu, minene kama tambi. Mizizi ya namna hiyo inataka unyevu kila wakati na hewa kila wakati. Maji yakituama siku chache inakosa hewa, na kijidudu cha jamii ya ukungu-maji kiitwacho Phytophthora cinnamomi kinaingia.

Nililipa ada ya somo hili. Nilipanda miche kumi na miwili kwenye kibonde kando ya mfongo, mfereji wetu wa maji, kwa sababu udongo pale ni mweusi na nilidhani weusi ni rutuba tu. Masika ya pili ilikuwa nzito. Majani yakaanza kutoka madogo, ya njano, ncha za matawi zikakauka, na watu wakaniambia inakosa mbolea, nikaweka samadi, nikaharakisha msiba. Nilipong'oa mmoja mizizi ilikuwa myeusi na inakatika kama tambi iliyolala. Ilikufa tisa. Mingine mitano nilinunua kwenye kitalu kimoja ambacho mwenyewe aliapa kwa mama yake kuwa ni Hass. Mwaka wa nne ikazaa parachichi refu lenye shingo na ngozi laini ya kijani. Tamu, watoto wanakula, lakini mnunuzi wa Hass alilitazama akatabasamu akaondoka. Angalia palipobebeshwa, uliza kikonyo kimetoka mti gani, na kama anaona unamsumbua nenda kwingine.

Maji sasa, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka. Siku ya Februari yenye jua kali mti unaweza kupoteza maji sawa na milimita 3 juu ya eneo la kivuli chake. Mti mzima wenye kivuli cha mita za mraba 20 unakunywa lita 60 kwa siku. Ukiwa nayo thelathini ni lita 1,800, ndoo tisini za lita 20, kila siku, wakati huo huo mfongo unaletwa kwa zamu na mabomba ya kijiji yanakoroma hewa. Mparachichi ukikosa maji hapo unaangusha matunda. Unaamka asubuhi unayakuta chini, ukubwa wa yai la kwale, na hakuna cha kuokota. Mbuni kiu hiyo hiyo unaivumilia vizuri zaidi, kwa sababu kiangazi kimo ndani ya ratiba yake. Utapukutisha majani, utakonda, lakini mvua ikija unarudi.

Maua ya Hass yana mchezo wake, na ukiwa na subira ya siku mbili utauona. Ua linafunguka asubuhi likiwa la kike, tayari kupokea chavua. Mchana linajifunga. Kesho yake mchana linafunguka tena, safari hii ni la kiume, linamwaga chavua. Nilifunga uzi mwekundu kwenye kishada kimoja saa tatu asubuhi ili niamini. Fuerte, aina nyingine ya parachichi, inafanya kinyume: kike mchana, kiume asubuhi ya kesho yake. Ndiyo maana kuwa na Fuerte moja moja kati ya Hass kunasaidia, na nyuki wanasaidia zaidi. Hata hivyo mti mzima wenye maua laki nyingi hubakiza tunda moja kwa kila maua elfu, au pungufu. Joto au ubaridi ukivuruga saa za kufunguka, wa kike na wa kiume wanapishana bila kukutana.

Na hapa alfajiri inarudi. Mparachichi nao unataka usiku wenye ubaridi ili utoe maua. Ukikaa kwenye joto mchana na usiku unapendelea majani. Kwa hiyo yule anayesema parachichi ni zao la joto linalochukua nafasi ya kahawa iliyoshindwa na joto amesema nusu ya kweli. Hass inavumilia usiku wa joto kuliko arabika, haiupendi. Na ukipanda nayo juu sana, shida inageuka: ubaridi unachelewesha kila kitu na saa za maua zinavurugika.

Ukiiweka bega kwa bega

Kazi ya mikono: Hass inashinda, tena kwa mbali. Kahawa ni kupogoa, kupunguza machipukizi, kuchuma kwa mara nyingi, kumenya, kuosha, kuanika, kukusanya upesi wingu likitanda. Parachichi unapogoa, unaweka matandazo, unachuma. Tena tunda la Hass haliivi mtini. Likikomaa linasubiri juu wiki kadhaa, kwa hiyo mnunuzi akichelewa si kilio cha siku moja. Kwa kihamba ambacho vijana wote wako mjini na amebaki mama wa miaka sabini, hii pekee inaweza kuamua.

Kuhifadhi: hapo kahawa inarudisha bao. Kahawa kavu ikianikwa vizuri inakaa ghalani miezi ikingoja bei. Parachichi likishachumwa saa inahesabu, na ukikosa gari, tunda linaliwa na ng'ombe.

Kusubiri: karibu sawa. Chotara ya kahawa inaanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu, Hass iliyobebeshwa mwaka wa tatu kwa matunda ya kuonja, wa tano kwa ya kuuza.

Kuzaa kwa zamu: zote mbili zina tabia ya mwaka wa neema na mwaka wa njaa. Tunda la parachichi ni mafuta, na mafuta yanamgharimu mti nguvu nyingi kuliko sukari, kwa hiyo baada ya mwaka wa kujaza unapumzika. Kwa kahawa, kupogoa vizuri kunasawazisha kiasi.

Kuna hoja inayozunguka kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka mimea yote inafaidi. Ina ukweli. Kabla ya viwanda hewa hiyo ilikuwa sehemu 280 hivi katika milioni, sasa ni zaidi ya 420, na mbuni na mparachichi zote ni mimea ya kundi linalonufaika, tofauti na mahindi ambayo yana njia yake ya kuikusanya. Jani likiipata kwa wingi linaweza kubana stomata kidogo na kuokoa maji. Majaribio ya kahawa kwenye vyumba maalumu yameonyesha hewa ya ukaa ya ziada inapunguza makali ya joto. Ila mimea ile ilikuwa inamwagiliwa. Hewa ya ukaa haiji na ndoo.

Bei nimesema nitaigusa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kahawa iliporomoka, watu wakang'oa, wakapanda nyanya. Februari 2025 arabika ilivunja rekodi kwenye soko la New York, zaidi ya dola 4 kwa ratili, kwa sehemu kubwa kwa sababu ukame uliikausha Brazil. Walioacha mibuni michache nyuma ya nyumba walikuwa wa kwanza kupongezana kwenye mazishi na arusi. Mtu asikwambie bei ya parachichi haitapita njia hiyo hiyo.

Na mgomba je?

Mgomba sikuuweka kwenye mashindano kwa sababu haupaswi kuchaguliwa, unapaswa kubaki. Joto unalipenda kuliko zote mbili, karibu nyuzi 27 ndiyo raha yake. Kinachoupunguza ni maji: unataka kama milimita 25 kwa wiki, na kwa mgomba uliopandwa kwa mita tatu kwa tatu hizo ni lita 225. Utaona jani linajikunja katikati kama kitabu jua likiwa kali, ni njia yake ya kupunguza hasara. Shida nyingine ni mnyauko fuzari kwenye mshare wetu wa mtori. Usichukue watoto wa migomba kwa jirani ambaye yake inanyauka, hata kama ni binamu. Chini ya mgomba mbuni unakaa vizuri. Chini ya mparachichi uliokomaa, kivuli ni kizito mno kwa mbuni, kwa hiyo hesabu ya "nitachanganya zote" inafanya kazi miaka sita ya kwanza halafu mmoja anammeza mwenzake.

Wapo wanaouliza robusta, ile ya Kagera. Inavumilia joto zaidi, ni kweli. Lakini jina la mlima wetu limejengwa kwa arabika laini, na kituo chako cha kukusanyia kikikataa utainywa mwenyewe.

Kihamba kwa kihamba

Chini ya mita 1,200 hivi, alfajiri nyingi za Januari na Februari zikisoma nyuzi 18 au zaidi, mimi nisingewekeza tena kwenye kahawa. Nisingekata yote siku moja, ningeiacha izeeke. Kama una maji ya uhakika na ardhi inayotiririsha, Hass. Kama huna maji ya kiangazi, usipande Hass kwa mkopo. Ongeza migomba kiasi maji yanavyoruhusu na kwa chini zaidi ya hapo rudi kwenye mazao ya msimu.

Juu ya mita 1,500, kahawa. Hapa sina mashaka. Ng'oa ile ya kizamani kwa mafungu, weka chotara, linda miti ya kivuli, na ujue kwamba kila nyuzi inayopanda inawaondoa washindani wako wa chini kabla ya kukufikia wewe. Mparachichi mmoja au miwili ya kula nyumbani inatosha.

Katikati, mita 1,200 hadi 1,500, ndipo vihamba vingi vilipo na ndipo jibu linapokuwa gumu. Hapo ningeamua kwa mstari badala ya shamba zima. Sehemu ya mteremko yenye maji yanayofika na udongo usiotuama ipewe Hass, kwenye vilima vidogo vya udongo ulioinuliwa nusu mita, mbali na kibonde. Sehemu yenye miti mikubwa na ukungu wa asubuhi ibaki na kahawa chotara. Usipande Hass mahali palipokufa mti mwingine kwa kuoza mizizi. Na usikubali mtu wa msumeno aamue, kwake kila mti ni mbao.

Shemeji yuko mita 1,310, nimepima mwenyewe. Mfongo wa pale haujatoa maji ya maana kiangazi kwa miaka kadhaa. Tanki alilonalo ni la lita 2,000, yaani siku moja ya ile miti thelathini. Nilipompigia hesabu ya ndoo alinyamaza kuliko mara ya kwanza. Tumekubaliana: safu nne za chini, ambazo mibuni yake imeliwa na bungua, zinakatwa na kuwekwa Hass nane pamoja na Fuerte moja, kwa sababu nane anaweza kuzinywesha. Zilizobaki zinangoja.

Kipimajoto nimekifunga kwenye mbuni wa tatu kutoka mlangoni. Mama mkwe anakisoma saa kumi na mbili akienda kukamua, anamtumia mwanawe ujumbe wenye namba tu, bila salamu, jambo ambalo si kawaida yake. Wiki hii: 15, 16, 16, 14, 17. Februari bado haijafika.